Bonsai Kutokana na Ua la Sebuleni

Kati ya barua zilizonifikia iko moja ambayo imekaa mezani pangu wiki nzima, kwa sababu inauliza mambo matatu kwa mpigo. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne, anakaa ghorofa ya tatu katika nyumba ya kupanga, wala hana hata kipande cha udongo wa kuotesha mchicha. Miaka miwili iliyopita alinunua mti wa sebuleni kwa wauza miche wa kandokando ya barabara, wenye majani madogo yanayong'aa na matawi ya kuning'inia. Siku moja akaona picha ya mti wa Kijapani, ule mdogo ulio ndani ya chungu bapa na unaofanana na mti wa miaka mia, akatamani kupata wa kwake. Anauliza: je, naweza kuugeuza huu nilio nao, au ni lazima ninunue wa dukani wenye bei ya kutisha? Pili, jirani yake amemwambia kwamba kudumaza mti ni ukatili, na kwamba mwenye watoto hafai kuweka nyumbani kitu kilichodumaa. Na la tatu, mti wenyewe, tangu ulipohamishiwa pembeni mwa kabati, unapukutisha majani kila asubuhi, na baba watoto amekwisha kusema utupwe.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo la dharura. Dada yangu, usiutupe. Kwa maelezo yako huo ni fikasi, ambao kwa jina la kitaalamu ni Ficus benjamina, na tabia yake inajulikana: haupendi kuhamishwa. Ukiutoa penye mwanga na kuuweka penye giza, hupukutisha majani kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Kwaruza gome la tawi kidogo sana kwa ukucha. Ukiona rangi ya kijani chini ya gome, tawi ni zima. Rudisha mti karibu na dirisha au kwenye kibaraza, mahali pale pale pasipobadilikabadilika, umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka, kisha usiuguse. Katika wiki chache utaona machipukizi. Wengi huua fikasi wakati huu kwa kuumwagilia mno, wakidhani majani yanaanguka kwa kiu. Mti usio na majani hunywa maji kidogo, nayo mizizi huoza ndani ya tope.

Kuhusu jirani, simlaumu, maana neno "kudumaa" linatisha, na sisi tunaofanya kazi kliniki ya watoto tunalijua vizuri kuliko wengi. Mtoto hudumaa kwa kukosa chakula bora kwa muda mrefu na kwa kuugua mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za kwanza tangu mimba itungwe, na hasara ile ni vigumu sana kuirudisha. Bonsai si hivyo hata kidogo. Mti wa bonsai hunyweshwa kila unapohitaji, hupewa mbolea, hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka michache, na huwekwa kwenye mwanga wa kutosha. Udogo wake unatokana na mkasi, wala si njaa. Ukiutoa kwenye chungu leo na kuupanda ardhini, utakua kama wenzake, na kijiti ukikata kwake na kukiotesha kitakuwa mti wa kawaida. (Ila usijaribu kuupanda karibu na nyumba ya mwenye nyumba wako. Mizizi ya fikasi inapasua mabomba na misingi, na ugomvi wake ni mkubwa.) Kusema kweli, mti uliokondeshwa kwa njaa hauwi bonsai, unakufa tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Neno bonsai ni la Kijapani na maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye trei au chombo bapa. Wajapani waliipokea sanaa hii kutoka China, ambako katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, ukutani wamechorwa watumishi wakibeba vyombo bapa vyenye mimea midogo na mawe. Kwa hiyo ni jambo la zamani sana. Lakini halina siri wala uchawi, na wala halikuwekwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Bonsai si aina ya mti. Hakuna mbegu za bonsai, na anayekuuzia pakiti yenye maandishi hayo anakuuzia mbegu za mti wa kawaida. Bonsai ni mti wowote wenye shina gumu na matawi, uliofundishwa kukaa mdogo.

Ndiyo maana si kila ua la ndani linafaa. Yale ya kutambaa, yale yenye majani mapana yaliyochanika na yale ya majani marefu kama panga hayana matawi ya kufundishika, hata ufanyeje. Fikasi unafaa kuliko yote kwa anayeanza. Ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mtini, unachipua tena ukikatwa, na unavumilia kusahauliwa siku mbili tatu. Ndugu yake ni ule fikasi unaouzwa ukiwa na mizizi minene iliyotoka nje kama mihogo iliyosimama, na juu yake kichwa kidogo cha majani. Huo nao ni mgumu kufa. Wa tatu ni ule mmea wa majani manene ya mviringo, kama sarafu, ambao wengine huuita mti wa pesa na wataalamu huuita Crassula ovata. Asili yake ni Afrika Kusini. Huo unahifadhi maji majanini, na ni mzuri kwa mama ambaye safari zake ni nyingi. Uko pia ule wa majani yaliyojipanga kama vidole au mwavuli, lakini matawi yake huvunjika ukiyapinda, basi uache mpaka mkono wako uzoee.

Ukienda kununua, usiangalie majani kwanza. Majani yatakatwa. Inama, fukua udongo wa juu kwa kidole, uangalie shina linapoingia ardhini. Unatafuta shina lililo nene chini na jembamba juu, na mizizi iliyotawanyika pande zote kama vidole vilivyoshika ardhi. Halafu tafuta matawi ya chini. Mche mrefu wenye shina jembamba kama fimbo na kishungi cha majani kileleni utakupa kazi ya miaka, hali mche mfupi mnene, ambao wateja wengine wameupita kwa kuwa umekaa vibaya, ndio wa kwako, na mara nyingi ni wa bei nafuu zaidi. Geuza majani uone upande wa chini. Ukikuta vitu vyeupe kama pamba au vidonge vya kahawia vilivyogandamana na kunata, hao ni vidung'ata na vidugamba. Rudisha mche, usipeleke wadudu nyumbani.

Utaona pia fikasi zilizosukwa, mashina matatu pamoja kama nywele. Kama bado ni machanga yanaweza kufumuliwa, ukapata miti mitatu kwa bei ya mmoja. Kama yamekwisha kushikana, yaache.

Na vile vya madukani vilivyoandikwa bonsai tayari? Maoni yangu ni kwamba mama anayeanza asinunue. Unalipia chungu na jina. Mara nyingi kokoto za juu zimegundishwa kwa gundi, maji hayapenyi, na baadhi ya vyungu havina tundu. Kama umezawadiwa, bandua kokoto hizo siku hiyo hiyo na uhakikishe chungu kina tundu chini.

Kukata kwa mara ya kwanza

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu ya haraka. Wanakata matawi, wanakata mizizi, wanafunga waya na kuhamishia kwenye chungu kidogo, yote Jumamosi moja. Mgonjwa hafanyiwi upasuaji mara tatu kwa siku moja. Fanya jambo moja, kisha subiri mpaka mti uonyeshe machipukizi mapya yenye afya, ndipo ufanye la pili. Kwa kawaida hiyo ni miezi kadhaa.

Kwanza weka mti juu ya meza, usawa wa macho yako, na uuzungushe polepole. Mti una uso. Ni upande ule ambao mizizi inaonekana vizuri, shina halijifichi, na hakuna tawi linalokuchoma usoni. Weka alama kwenye chungu kwa chaki. Kisha amua urefu. Kanuni ya wakongwe ni kwamba urefu uwe kama mara sita ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 4, basi mti wa kama sentimita 24. Ni mwongozo tu, si amri, lakini unasaidia kuona kwa nini kimti chembamba kirefu hakidanganyi macho. Tawi la kwanza la chini likiwa kwenye theluthi ya urefu, mti huonekana mzee.

Ukikata, ondoa kwanza matawi yaliyokufa, kisha yanayokua kuelekea ndani, kisha moja kati ya mawili yanayotoka usawa mmoja pande mbili kama mikono ya msalaba. Punguza urefu kwa hatua, usiteremke kutoka mita moja hadi kiganja kwa siku moja. Na jambo hili lishike sana kwa Ficus benjamina: usiache tawi bila jani hata moja. Kila kijitawi unachotaka kibaki hai, kiachie majani mawili matatu. Kikivuliwa chote, mara nyingi hukauka mpaka shinani.

Mkasi uwe mkali na msafi, ukapanguswe kwa spiriti kabla na baada, kama tunavyofanya wodini. Fikasi itatoa utomvu mweupe kama maziwa. Pangusa kidonda kwa kitambaa kibichi mpaka uache kutiririka. Utomvu huo unawasha ngozi za watu wengine, na wale wenye mzio wa glavu za mpira huweza kudhurika kwa fikasi vilevile, kwa hiyo wavae glavu za aina nyingine au wachague mti wa pesa. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Na kwa kuwa tumegusia utomvu, waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo na maua ya pinki, ni zuri sana na linaota lenyewe katika nchi zetu, lakini utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji waliitumia kwenye mishale. Mwenye mtoto wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni asiliweke sakafuni.

Usitupe ulichokata. Vijiti vya fikasi vya sentimita 10 hadi 15, vikiondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, vingi huota mizizi baada ya wiki kadhaa. Vijiti vya mti wa pesa viache kivulini siku chache kwanza mpaka jeraha likauke, ndipo uchomeke. Kwa njia hii mama mmoja mwenye mti mmoja anaweza kuwagawia wanawake wa kikundi kizima, na wale ambao hawana fedha za kununua mche wakaanza pamoja na wenzao.

Mizizi, udongo na chungu

Baada ya mti kuchipua na kushamiri, njoo kwenye mizizi. Ngoja wakati wa joto na ukuaji, yaani kabla ya masika au kuelekea vuli, si Juni na Julai wakati wa kipupwe, hasa kwa ninyi wa Njombe, Iringa na Limuru.

Chungu cha bonsai si lazima kitoke Japani. Bakuli pana la udongo, trei nzito ya plastiki, hata sahani ya mfinyanzi wa sokoni itafaa, mradi ina matundu chini. Mwambie mfinyanzi atoboe matundu mawili kabla hajachoma. Juu ya matundu weka kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, ili udongo usitoke, na upitishe waya mwembamba wa kuufungia mti, kwa kuwa mti usio na mizizi mirefu hutikisika kwa upepo na mizizi mipya hukatika.

Udongo ndio roho ya jambo hili. Udongo mweusi wa bustanini peke yake, ndani ya chombo bapa, unashika maji kama sifongo na mizizi inakosa hewa. Changanya sehemu mbili za kitu cha chengachenga na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Chengachenga yaweza kuwa matofali ya kuchoma yaliyopondwa, changarawe ya mawe ya volkano kwa ninyi wa Arusha na Moshi, au mchanga mnene wa mtoni. Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi. Pitisha kwenye chekeche: vinavyofaa ni vipande vya milimita 2 hadi 5. Vumbi lote lililopita chini ulitupe, maana ndilo linaloziba. Ukimwaga maji, yazame mara moja na kutokea chini. Yakisimama juu kama dimbwi, mchanganyiko haujawa sawa.

Toa mti chunguni, uchambue mizizi kwa kijiti kama cha mshikaki kuanzia nje kwenda ndani. Miche ya dukani huwa na mizizi iliyozunguka kama kata ya kubebea ndoo. Ile minene inayoshuka chini moja kwa moja ikate, ile laini ya pembeni iache, na kwa mara ya kwanza usizidi theluthi moja ya mizizi yote. Funika mizizi kwa kitambaa kibichi ukienda kupokea simu. Panda, funga waya, sukumiza udongo kwa kijiti pande zote pasibaki mapango, kisha mwagilia fikasi mpaka maji yatoke safi chini. Mti wa pesa ni kinyume: uupande kwenye udongo mkavu na usiumwagilie kwa wiki nzima, ili vidonda vya mizizi vikauke visije vikaoza. Weka kivulini pasipo upepo wiki mbili au tatu. Mbolea isiguswe mpaka majani mapya yatoke.

Kabla hujashika udongo, angalia mikono. Mwenye jeraha afunge. Kama hujachanjwa pepopunda muda mrefu, ulizia kliniki. Mjamzito avae glavu na anawe kwa sabuni, kwa sababu udongo wenye kinyesi cha paka waweza kumwambukiza ugonjwa unaomdhuru mtoto tumboni.

Jambo moja ambalo watu hawaelezwi: shina halinenepi ndani ya chungu kidogo. Likiingia humo, linabaki karibu vile vile kwa miaka. Ukitaka shina nene, uache mti katika ndoo kubwa miaka miwili mitatu zaidi, ukue kwa fujo, kisha uukate. Mama wa ghorofa ya tatu, kama fikasi yako bado ni nyembamba kama kidole, usifanye haraka ya chungu bapa. Anza na matawi tu.

Waya ni wa kuelekeza matawi. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya za umeme, ukinunua mabaki kwa fundi, unatosha. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Uzungushe kwa mshazari, usikaze, kisha pinda tawi polepole kwa vidole vyote vya mikono miwili. Siku hiyo usimwagilie kwanza, maana tawi lenye kiu kidogo hupindika bila kuvunjika. Kagua kila wiki. Fikasi hunenepa upesi na waya unaweza kuingia kwenye gome na kuacha kovu la miaka mingi. Unapotoa, ukate vipande vipande kwa koleo, usiufumue kwa kuuzungusha.

Baada ya hapo ni utunzaji wa kila siku. Kwenye fikasi, acha kichipukizi kikue mpaka majani sita au nane, kisha kata ubakize mawili. Ukirudia hivyo, matawi huongezeka na majani, penye mwanga wa kutosha, huwa madogo kidogo kidogo. Mwanga ndio chakula. Meza ya katikati ya sebule ni mahali pa kuuonyesha kwa wageni siku moja au mbili, lakini makazi yake ni kibarazani au dirishani penye jua la asubuhi. Mbolea ya maji uichanganye nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki mbili wakati wa kukua, na kamwe usiupe mti mgonjwa.

Kuhusu maji, usifuate kalenda, fuata kidole. Kichomeke mpaka pingili ya kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia vya kutosha mpaka yatoke chini, pakiwa pabichi, ngoja. Wakati wa jua kali chombo bapa chaweza kuhitaji maji kila siku, hata mara mbili. Maji ya kisima yenye chumvi yakiacha ukungu mweupe kwenye chungu, kinga ya mvua na uyachanganye. Na kile kisahani cha chini, nawaomba sana, kimwage. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo ilitusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga hasa kwenye maji yaliyotuama karibu na watu, na kwenye joto letu kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja na siku chache. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hunata ukingoni. Sugua kwa brashi kila wiki.

Mwaweza kuuliza, kazi yote hii ya nini, wakati nguo hazijafuliwa? Huko Washington, katika bustani ya taifa ya miti ya Marekani, upo msonobari mweupe mdogo ambao umefundishwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya familia ya Yamaki ya Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka, nyumba yao ilikuwa kama kilometa 3 tu kutoka lilipolipukia. Vioo vilivunjika vyote, lakini ukuta wa kiwanja uliikinga miti, na familia ikapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa mti huo uwe miongoni mwa bonsai 53 ambazo Japani iliizawadia Marekani. Habari za Hiroshima hazikufahamika sana pale bustanini mpaka mwaka 2001, wajukuu wa mzee huyo walipokuja kuutazama mti wa babu yao. Kwa karne nne kumekuwa na mtu aliyeumwagilia kila ulipohitaji, ikiwa ni pamoja na asubuhi zile zilizofuata bomu. Sisi wengine tutaridhika na miaka kumi. Mwenye mtoto wa darasa la pili anaweza kuanza naye sasa, na siku anaondoka kwenda kidato cha tano mti utakuwa na umbo.

Nami naona faida nyingine, ingawa baba watoto aweza kucheka. Siku nzima mama anafanya kazi ambazo kesho zinarudi kama zilivyo: sahani, sakafu, sare za shule. Tawi ulilolielekeza mwezi wa tatu, mwezi wa tisa bado liko pale ulipoliweka. Dakika kumi za asubuhi, kabla nyumba haijaamka, zinatosha.

Chungu kibadilishwe na mizizi ipunguzwe tena baada ya kama miaka miwili kwa fikasi. Mti wa pesa unaweza kungoja mitatu au zaidi. Dalili ni kwamba mizizi inaanza kuuinua mti juu, au maji yanachelewa kuzama.

Mkisafiri kwenda kijijini Desemba, mti wa pesa ukimwagiliwa vizuri siku ya kuondoka na kuwekwa kivulini penye mwanga utawangoja wiki mbili bila shida. Fikasi usiuache peke yake. Ukizike chungu chake mpaka shingoni ndani ya beseni la mchanga uliolowa, beseni liwe limetobolewa chini, ulipeleke kwa jirani, na umwonyeshe jirani huyo ile kazi ya kidole. Hata yule aliyesema ni ukatili anafaa. Mwachie na kimoja kati ya vile vijiti vilivyoota.